Horchata ya kahawa: mchele usionje moto

Horchata ya Meksiko ni kinywaji cha mchele. Nalitanguliza hili kwa sababu ukiagiza horchata ya kahawa kwenye migahawa mingi ya hapa Chicago ninakoishi, unaletewa maziwa ya ng'ombe, shira ya mdalasini na espreso juu ya barafu, na mchele wenyewe huusikii kabisa mdomoni. Inanyweka, tena vizuri. Lakini nenda Mtaa wa 26 kule Little Village, kitongoji cha Wameksiko, upite chini ya lile tao lililoandikwa Bienvenidos, yaani karibuni, uingie kwenye duka la taco lenye mitungi mikubwa ya kioo mbele ya kaunta. Mtungi mmoja una maji mekundu ya rozela, mwingine una ukwaju, na wa tatu una kitu cheupe ambacho muuzaji hakigusi bila kukikoroga kwanza kwa upawa mrefu. Hicho cheupe ndicho horchata. Ukikinywa unaipata nafaka: wanga laini ulimini, mdalasini unaokuja nyuma yake, halafu ubaridi unaoshuka hadi kifuani. Hiyo ndiyo nataka tuitengeneze nyumbani, kisha tuitilie kahawa bila kuizika.

Nimeshajaribu njia nyingi, za unga wa pakiti, za chupa, za kuchemsha, za kusaga mchele mkavu, na sasa nina msimamo. Mchele ufanyiwe kazi baridi mwanzo hadi mwisho. Kahawa ifanyiwe kazi moto, kwenye sufuria yake. Sukari ikae upande wa kahawa. Vitu hivi viwili vikutane kwenye glasi tu, si kabla ya hapo. Kila ninaloandika chini linatokana na hayo.

Asili ya horchata iko Valencia, mashariki mwa Hispania, na huko haina mchele hata chembe. Wanaitengeneza kwa chufa, vijiazi vidogo vya mmea wa jamii ya ndago, ndugu wa ndago hizi zinazowatoa jasho wakulima wetu wakati wa palizi. Waliostawisha kilimo chake Valencia ni Waislamu waliolitawala eneo hilo tangu karne ya 8 hadi mwaka 1238, mfalme Jaime wa Kwanza wa Aragon alipouteka mji. Vijiazi hivyo vinajulikana Afrika tangu zamani sana. Wamisri wa kale walivila, na mpaka leo Wahausa wa Nigeria wana kunun aya, kinywaji cheupe kinachotokana navyo, nacho pia husagwa na maji na kuchujwa. Kwa hiyo yeyote anayedhani habari hii ya kukamua maziwa kutoka kwenye mmea ni mtindo mpya wa Wazungu wasiokunywa maziwa ya ng'ombe, arudi nyuma miaka mingi.

Wahispania walipouteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521 na kujenga himaya yao juu yake, walikwenda na hamu ya vyakula vyao. Chufa haikupata nafasi huko. Mpunga uliipata. Waliuleta wenyewe katika karne ya 16, ukastawi, na hadi leo jimbo la Morelos, kusini ya jiji la Meksiko, lina mchele wake ambao jina lake limelindwa kisheria tangu 2012. Kuanzia 1565 hadi 1815 merikebu za Manila zilivuka bahari ya Pasifiki kati ya Ufilipino na Acapulco, zikibeba hariri, vyombo vya kauri na viungo vya Asia. Wapishi wa Meksiko wakachukua njia ya Valencia, wakaitia mchele badala ya chufa, wakaipa mdalasini kwa mkono mpana kuliko Wahispania walivyowahi kuupa, na kinywaji kikawa chao. Majirani zao wa El Salvador walikwenda upande mwingine: horchata yao ni ya mbegu za mmorro, mti wenye matunda magumu kama kibuyu, zilizosagwa na viungo, nayo ina rangi ya udongo. Hiyo inahitaji makala yake.

Kahawa ndiyo mgeni wa juzi humu ndani. Mbuni uliingia Meksiko mwishoni mwa karne ya 18, ukashika Veracruz, kisha Chiapas na Oaxaca, na leo Chiapas ndiyo inayoongoza kwa mavuno. Ila kwa vizazi vingi kahawa hiyo ilipikwa kivyake, kwenye chungu cha udongo, pamoja na gome la mdalasini na piloncillo, ambayo ni sukari guru hasa, iliyogandishwa kwenye kalibu ikapata ncha upande mmoja. Wanaiita café de olla. Kuimimina kahawa juu ya horchata ni jambo lililoenea kwenye migahawa ya miji ya Marekani yenye Wameksiko wengi, kuanzia California hadi huku kwetu Illinois. Wapo wanaolinung'unikia. Mimi naona lina mantiki kabisa, maana mdalasini umekuwa pande zote mbili siku zote, kwenye mtungi wa horchata na kwenye chungu cha kahawa. Ninachokataa ni espreso kuchukua nafasi ambayo kahawa ya chungu ingeijaza vizuri zaidi. Espreso inakuja na uchungu wake peke yake. Kahawa ya chungu inakuja tayari inafahamiana na mdalasini.

Sasa tuje kwenye kazi. Msomaji aliyelelewa pwani hahitaji kufundishwa horchata. Mikono yake inaijua. Ni tui. Badala ya nazi iliyokunwa kuna mchele ulioloweshwa na kusagwa, badala ya kifumbu kuna kitambaa cha melimeli, na yanayobaki kitambaani ni machicha. Kuna tui la kwanza, zito, na tui la pili, jepesi, na anayejua kuyachanganya ndiye anayejua kupika. Mama mmoja wa Oaxaca niliyekuwa nafanya naye kazi jikoni aliponiona nakamua kitambaa, mkono mmoja ukisokota na mwingine ukibana kutoka juu kushuka chini, aliacha alichokuwa akikifanya akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia nyumbani tunafanya hivi kila siku, kwa nazi.

Nilipompigia shangazi yangu wa Tanga kumweleza habari hizi, baada ya shikamoo na marahaba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, unaloweka mchele, unausaga, unauchuja, halafu huupiki? Huo si uji mbichi?"

"Ndiyo shangazi, ila ukiupika ndio unakuwa uji."

"Na tumbo?"

Swali lake la kwanza ndilo lenye siri yote. Chembe za wanga wa mchele zikiwa kwenye maji baridi zinaelea tu, haziyeyuki, na zikiachwa zinatua chini. Maji yakipata moto, kwenye nyuzi joto 65 hadi 75 hivi, chembe hizo zinaanza kufyonza maji, zinavimba, zinapasuka, na sufuria nzima inageuka uji. Hakuna kurudi nyuma. Uji wa mchele ni mzuri mahali pake, asubuhi, na tui na iliki. Lakini horchata ni chembe zilizobaki nzima ndani ya maji baridi, na ndiyo maana inateremka kooni bila kunata. Wapo wanaoshauri mchele uloweshwe kwa maji yanayochemka ili mdalasini utoe harufu haraka. Harufu inatoka kweli, ila uso wa kila punje unaiva, na ukija kusaga unapata utelezi ambao mimi siupendi kabisa. Subira ya usiku mmoja kwenye friji inafanya kazi ile ile bila utelezi. Kuhusu tumbo, nilimwambia watu wameinywa hivyo karne kwa karne, mradi usafi uzingatiwe, na usafi wenyewe nitaufikia.

Mchele wa kutumia ni mweupe, mrefu, wa kawaida. Hapa nitasema jambo ambalo wapenda mchele wa kunukia watalikataa: kwa horchata ya kahawa, mchele wa Kyela au pishori ya Mwea ni israfu. Harufu yake ni nzuri mno kuzamishwa chini ya kahawa. Utunze kwa horchata tupu, na hapo utashangaa, kwa sababu Wameksiko wengi hawajawahi kuionja kwa mchele wa namna hiyo. Kwa horchata ya kahawa mimi nachukua hata chenga, zile punje zilizovunjika ambazo muuzaji anazipima kwa bei ya chini. Chenga zinalainika upesi na zinasagika vizuri kuliko punje nzima. Kama uko mahali ambapo chenga zinauzwa kando, usione haya kuziomba.

Mdalasini ndio mahali pa kutumia pesa. Meksiko inatumia mdalasini wa kweli, ule wa Ceylon, na ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa mdalasini unaotoka Sri Lanka. Gome lake ni jembamba, tabaka nyingi zilizoviringishwa pamoja, na ukilibana kati ya kidole gumba na cha shahada linakatika kwa sauti ndogo, linaacha vumbi la kahawia kwenye ngozi, na vumbi hilo linanukia utamu kabla hujalionja. Kwenye rafu za maduka makubwa ya Marekani kilichojaa ni kasia: gome nene, gumu, limejikunja mara moja tu, lina ukali unaochoma, na blenda ya nyumbani inaligongagonga bila kulisaga. Kasia pia ina kumarini nyingi, ambayo ikizidi mwilini inaweza kudhuru ini. Kwa hiyo mimi nanunua kwenye maduka ya Wameksiko, kwenye mifuko ya plastiki iliyoandikwa canela, na kipimo ni kile kile cha vidole: likikataa kuvunjika, silinunui. Aliyeko Unguja au Pemba ashike kipimo hicho hicho sokoni, achague jembamba.

Pima gramu 200 za mchele, ambazo ni kikombe kimoja cha kawaida. Uoshe mara mbili tatu, si mpaka maji yawe maangavu kabisa, mpaka tu vumbi la gunia liondoke. Weka kwenye bakuli pamoja na gome moja la mdalasini lenye urefu wa kidole ulilolivunjavunja, na gramu 40 za lozi zilizomenywa. Lozi si lazima, na Wameksiko wengi hawaziweki, lakini mimi kwenye horchata ya kahawa siziachi. Mchele karibu hauna mafuta. Uchungu wa kahawa ukikutana na kitu kisicho na mafuta unabaki wazi, umesimama peke yake, na ndiyo sababu migahawa inakimbilia maziwa. Mafuta kidogo ya lozi yanaushika uchungu huo, na mchele bado unasikika. Usipopata lozi, korosho mbichi zinafaa, tena zinasagika laini zaidi. Tui la nazi niliache kando: likiingia, mdomo wote unasema nazi.

Mimina mililita 600 za maji baridi ya kunywa, funika, weka kwenye friji usiku kucha. Nasisitiza friji. Mchele una mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye haondoki kwa kuoshwa na ambaye joto la jikoni linampendeza. Bakuli lililolala mezani usiku wa kiangazi linaweza kukulaza wewe kesho yake. Wasio na friji waloweke kwa saa mbili tatu tu, watumie chenga, na wanywe siku hiyo hiyo.

Asubuhi saga vyote kwa pamoja, na maji yake yale yale, dakika mbili au zaidi kidogo. Hapa pana jambo ambalo wenye blenda kali wanapaswa kulijua: blenda kali inapasha moto. Visu vikizunguka muda mrefu, msuguano peke yake unatosha kuufanya mtungi uwe vuguvugu, na ukiendelea unaweza kuuivisha wanga bila jiko. Shika mtungi kwa kiganja. Ukisikia joto, zima, subiri, endelea. Simama pale utakaposugua tone kati ya vidole usisikie punje.

Chuja kwanza kwa chujio la chai, kisha kwa kitambaa cha melimeli kilichokunjwa mara mbili. Kamua, lakini usikamue kwa hasira, kwa sababu ukilazimisha sana, wanga mzito unapenya na ndio unaoleta ile hisia ya chaki ambayo watu wengi hulalamika nayo. Rudisha machicha kwenye blenda, ongeza mililita 600 nyingine za maji baridi, saga kwa muda mfupi, chuja tena. Changanya tui la kwanza na la pili kwenye jagi. Tia chumvi, nukta tu ya vidole viwili, na kijiko kidogo cha vanila. Vanila si pambo la kigeni hapa. Mmea huo asili yake ni Meksiko, na Watotonaki wa pande za Papantla, Veracruz, waliutunza kabla Ulaya haijaijua harufu yake. Rudisha jagi kwenye friji angalau saa moja.

Utakapoitoa utakuta imejigawa: juu maji meupe mepesi, chini tabaka zito limetulia. Imekaa inavyotakiwa. Yule mama wa Oaxaca alikuwa na neno moja kwa kila aliyekaribia mtungi wake, muévele, koroga, na alilisema hata kwa bosi. Koroga kutoka chini, kila unapomimina, si mara moja kwa siku. Kama nyumbani una mtu asiyependa uzito kabisa, mimina polepole na uache ile sehemu ya mwisho, iliyoshikamana na kitako, ibaki kwenye jagi.

Sukari bado hatujatia, na hili ndilo wageni wangu huniuliza kila mara. Mapishi karibu yote yanaweka sukari kwenye horchata yenyewe, au kopo la maziwa mazito matamu, na kwa horchata ya kunywa peke yake ni sawa. Lakini horchata ikishakuwa tamu na kahawa yako ikiwa chungu, unalazimika kuongeza kahawa ili uisikie, kisha kuongeza utamu ili uivumilie, na katikati ya mvutano huo mchele unapotea. Ikiwa utamu umepikwa ndani ya kahawa, kahawa kidogo inatosha. Unapunguza au unaongeza kitu kimoja tu. Na jagi lililobaki bila sukari linaweza kunywewa na mtu mwenye kisukari ambaye daktari amemruhusu wanga kidogo, au kutiwa asali na mtu anayetaka asali.

Kahawa basi. Chukua mililita 450 za maji, gramu 80 za sukari guru iliyokatwakatwa, na kipande cha gome la mdalasini. Chemsha mpaka sukari iyeyuke yote na maji yawe na rangi ya asali nyeusi. Toa motoni. Tia gramu 60 za kahawa iliyosagwa kwa ukubwa wa wastani, koroga, funika, subiri dakika tano, chuja kwa kitambaa. Usiichemshe kahawa yenyewe; ikichemka na sukari inaungua na kutoa ukakasi. Chombo cha udongo kinapendeza, sufuria inafanya kazi sawa sawa. Shangazi, alipomaliza kunihoji kuhusu uji mbichi, aliniagiza nitie iliki na kipande cha tangawizi, kwa vile kahawa bila tangawizi kwake ni maji meusi. Nimetii, kwa upande wa kahawa tu, na nakubali kwamba iliki mbili zilizopasuliwa zinakaa vizuri na mdalasini. Tangawizi naiweka siku za baridi.

Kahawa ya kuchagua ni iliyokaangwa wastani kuelekea nyeusi, yenye ladha ya kakao au karanga. Ya Chiapas inafaa sana. Kahawa ya Nyeri, ambayo naipenda kuliko nyingi ikiwa moto na bila maziwa, ina uchachu mkali unaogombana na mchele, na kwenye glasi hii inaonja kama iliyokamuliwa ndimu. Ya Mbinga au Mbozi iliyokaangwa nyeusi inakaa vizuri zaidi. Kama nyumbani kuna Africafé tu, iyeyushe kwenye shira hiyo hiyo ya sukari guru na mdalasini, iwe kali, na usimsikilize anayekucheka. Wameksiko wenyewe, pamoja na mashamba yao yote, hunywa kahawa ya kuyeyusha kwa wingi.

Iache ipoe kabisa. Kahawa ya moto ikimwagwa juu ya horchata, pale inapogusa inapika, na unapata vijinyuzi vya uji vinavyoelea.

Glasi ndefu, barafu nusu, horchata sehemu tatu, kahawa sehemu moja. Picha nyingi zinaonyesha kahawa imekaa juu na weupe chini, na watu huniambia yao haikukaa hivyo. Haiwezi kukaa. Kwenye migahawa, sukari iko upande wa maziwa, kwa hiyo maziwa ni mazito na kahawa tupu inaelea. Yetu ni kinyume. Kahawa yenye sukari guru ni nzito kuliko tui la mchele, inaingia kwa juu na kuanza kuteremka papo hapo, nyuzi za kahawia zikipenya weupe kati ya vipande vya barafu mpaka zinalala kitako. Mimi naona hii inapendeza zaidi ya ile ya picha, na mnywaji anaweza kuamua mwenyewe atakoroga kiasi gani. Asiyekoroga anaanza na mchele na kumaliza na kahawa. Kunyunyiza unga wa mdalasini juu ni hiari; uwe kidogo, maana haulowi, unaingia koo likakereka.

Nimekwenda mbele ya Waoaxaca katika hili la kahawa, lakini kwenye mapambo hakuna wa kuwafikia. Kwenye soko la Benito Juárez mjini Oaxaca kuna banda la Casilda, maarufu kwa maji yake ya matunda, na horchata ya huko huja na vipande vya tikiti la manjano, kokwa za pekani zilizokatwa na rojo jekundu la tuna, tunda la mpungate, linaloipaka glasi waridi. Haina kahawa, wala haiihitaji. Na katika jimbo hilo kuna siku ninayotamani kuiona kwa macho: Ijumaa ya nne ya Kwaresima, siku ya Msamaria, pale makanisa, shule, maduka na watu wa kawaida wanapotandika meza nje na kugawa horchata, rozela na ukwaju bure kwa kila anayepita, kwa kumkumbuka yule mwanamke aliyeombwa maji na Yesu kisimani. Kinywaji hiki kimeumbwa kwa mtungi mkubwa na watu wengi. Ndiyo maana vipimo vyangu vinatoa zaidi ya lita moja, na ndiyo maana nasikitika kila nikiona pakiti ya glasi moja. Mwezi wa Ramadhani naitengeneza kwa futari, bila kahawa, tende mbili tatu zikisagwa humo badala ya sukari, na jagi halifiki sala ya tarawehe.

Watoto wadogo wana angalizo lao. Kahawa ni wazi hawapewi, lakini hata horchata tupu isigeuzwe kuwa maziwa yao ya kila siku. Mpunga hufyonza aseniki, ambayo ni sumu, kutoka kwenye udongo na maji kuliko nafaka nyingine nyingi, na huduma ya afya ya Uingereza, NHS, inashauri watoto wa chini ya miaka 5 wasipewe vinywaji vya mchele badala ya maziwa.

Weka horchata na kahawa kwenye chupa mbili tofauti ndani ya friji. Kahawa itakaa wiki nzima. Horchata ninaimaliza ndani ya siku tatu, na ikianza kunukia uchachu kabla ya hapo inamwagwa bila majadiliano.

Machicha usiyatupe. Bado yana mchele, lozi na mdalasini ndani yake. Yachanganye na unga wa mchele mpaka yashikane, tia tui zito, sukari, hamira na iliki, acha yaumuke, kisha kaanga vitumbua. Unga wa mchele uwe karibu sawa na machicha kwa kipimo, la sivyo vinavunjika kwenye kikaango, na mdalasini usiongeze mwingine, maana uliomo unatosha.